Saladi, mashanza na baba mukwe

Kwetu Bukavu neno mboga halimaanishi majani peke yake. Ukimuuliza mama wa nyumba «Leo mboga ni nini?», anaweza kukujibu sombe, anaweza kukujibu sambaza, anaweza kukujibu hata nyama ya ngombe. Mboga ni kile kinachosindikiza bugali, basi. Na kila kinachosindikiza bugali kinaombwa jambo moja mbele ya yote: kiwe na muchuzi. Tonge linachovywa, linageuzwa, linaingia kinywani likiwa limelowa. Bila muchuzi mutu atasema alikula bugali mukavu, hata kama kwenye sahani kulikuwa kipande cha nyama.

Naanza na jambo hilo, ndugu musomaji, kwa sababu waliponiomba kuandika juu ya desturi za mezani, wengi walitazamia niandike juu ya kugawa nyama ya sherehe ao juu ya kasiksi ya mahari. Mambo hayo yaliandikwa mara nyingi na watu wanaoyajua kunipita. Mimi nataka kusema juu ya kitu kidogo: sosi gani inafaa kuwekwa juu ya saladi wakati mwenye kuila ni muzee asiyeitaka. Ni jambo la jikoni, lakini ndani yake nilikuta desturi nyingi kuliko nilivyofikiri.

Saladi ni mugeni kwetu, hilo ni kweli. Wakati muji wetu uliitwa bado Costermansville, wakoloni waliolima kahawa, chai na kinkina kwenye milima ya Kivu walikuwa na bustani yao nyuma ya nyumba: saladi, karoti, pwaro, seleri. Udongo ulikubali, na baridi yetu ya metre 1.500 juu ya bahari ilikubali pia. Tangu pale mboga hizo hazikutoka tena. Kila asubuhi mama za Kabare wanazishusha kwa kichwa mupaka soko ya Kadutu na ya Nyawera, zimefungwa vizuri, majani bado na umande. Lakini muulize yule mama mwenye kuuza saladi kama jioni atakula saladi. Atakucheka. Yeye atakula lengalenga, ao bishusha, ao sombe. Saladi ni ya kuuza. Ni ya hoteli, ya masista, ya watu wa ONG, na ya sherehe za ndoa ambako wanaipaka mayonezi na kukupimia kijiko kimoja kando ya sahani, kama mapambo.

Mugeni si neno la kufukuzia kitu, lakini. Muhogo na mahindi tunayosonga bugali vilitoka Amerika, na karanga vilevile, na pilipili vilevile. Sambaza tunazoita samaki ya ziwa letu zililetwa kutoka Tanganyika na kumwagwa ndani ya Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wengine walio hai wanakumbuka ziwa bila sambaza. Kwa hiyo mutu akiniambia «hicho si chakula chetu», namuuliza kwanza chetu kilianza mwaka gani.

Hata hivyo sipendi namna wasomi wanavyowacheka wazee juu ya majani mabichi. Muzee anayekataa jani bichi anajua kitu. Sombe mbichi ina sumu. Inafaa kutwangwa na kuchemshwa muda murefu ndipo sumu itoke, na bibi zetu walijua hilo mbele ya munganga yeyote kuja kutueleza. Mutu aliyekua na sombe anajifunza tangu utoto kwamba jani linapita kwenye moto, hakuna mazungumzo. Kiisha kulikuja mwaka 1994, wakimbizi, kipindupindu cha Goma kilichoua watu maelfu kwa maelfu katika mwezi wa saba. Kila mahali walitufundisha: chemsheni maji, musile kibichi. Tulifundisha hivyo hata darasani, mimi mwenyewe kati ya walimu. Kiisha, miaka 25 nyuma yake, tunamuendea mutu yuleyule na sahani ya kibichi na kumwambia ni dawa. Ana haki ya kutuangalia vibaya.

Kwetu nyumbani jambo lilianza mwaka 2019. Baba mukwe, ambaye alikuwa ameshuka kutoka kijiji kukaa nasi nyuma ya kufiwa na mama mukwe, alipimwa tansio. Ilikuwa juu sana. Munganga akaandika vidonge, kiisha akasema mambo ya chakula: chumvi ipungue, isipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kama kijiko kimoja kidogo kwa kila kitu kinachoingia kinywani, mafuta yapungue, matunda na majani yaongezeke. Yeye alikuwa mutu wa makayabu na sombe ya mawese, na vile vidonge vya supu tunavyotia katika kila sufuria, ambavyo ni chumvi iliyovaa nguo ingine. Nilijaribu kumpikia lengalenga bila mafuta na chumvi kidogo. Aliisogeza pembeni kwa adabu. Alisema anamuhurumia mugonjwa ambaye chakula hiki kilikuwa chake.

Kwa hiyo nikafikiri kibichi. Jani lililochemshwa bila chumvi limekufa mara mbili. Jani bichi angalau linalia kwenye meno, na uchachu wa sosi unaweza kusimama fasi ya chumvi. Hilo ndilo jambo la maana la sosi kwa mugonjwa wa tansio: ulimi ukipata kitu kichachu na kikali kidogo, hauulizi sana chumvi iko wapi.

Sahani ya kwanza ilikuwa saladi ya majani, nyanya na kitunguu, na vinegri na mafuta kama tulivyojifunza kwa masista: kipimo kimoja cha vinegri, vipimo vitatu vya mafuta. (Vitabu vya Kiswahili vinasema siki. Sokoni ukisema siki watakuletea kitu kingine ao hawatakuletea kitu.) Baba aliangalia sahani. Akainua jani moja na vidole viwili.

«Mwanangu, mi siko mbuzi. Ile mbuzi ya jirani iko pale, mupelekee. Itakushukuru.»

Watu wakacheka mezani, na mimi nikacheka. Lakini ngojeni niwaeleze fasi yangu. Mukamwana haamuru baba mukwe. Hamkaripii, hamshurutishi kula, hasimami mbele yake na kuhesabu matonge kama anavyofanya na mutoto. Anaweka chakula, anapiga magoti kidogo, anasema «Baba, karibuni», anatoka. Mume wangu angeweza kusema, lakini mwana anayemwambia baba yake ale majani naye anatafuta maneno. Aliyebaki ni mujukuu. Binti yangu wa mwisho, wakati ule alikuwa na miaka 9, alikula sahani moja na tate yake, na kati ya mujukuu na tate hakuna sheria: wanatukanana, wanaibiana nyama, anamuita mume wangu mukubwa, anamuita muvivu. Ni desturi yenye hekima, maana kupitia mutoto nyumba inasema yale ambayo watu wazima hawawezi kuambiana. Ni yeye aliyemuuliza: «Tate, ju ya nini hautakake hii saladi? Haijakuuma.»

Nilikuwa jikoni, mulango wazi. Nilisikia jibu lote.

«Nilikuwa nasafisha hii kitu miaka mbili, kwa muzungu moja wa kahawa, kule juu. Nilikuwa kijana, miaka 15 hivi. Jani kwa jani. Madamu alikuwa anakuya nyuma yangu, anageuza kila jani kuangalia kama hakuna kadudu. Kiisha yeye mwenyewe anatengeneza ile maji yake ya vinegri, harufu inajaa nyumba nzima. Kuonja? Nani angenipa? Sisi tulikuwa tunakula nyuma, kwa ma boyi. Nilijisemea: siku moja nitakuwa na nyumba yangu, na hii harufu haitaingia mule.»

Sikuingia. Niliendelea kuosha vyombo. Mume wangu ana miaka zaidi ya 50 na hakuwahi kusikia kwamba baba yake alikuwa boyi wa jikoni. Kwake baba alikuwa mukulima na muchungaji wa ngombe, basi. Usiku nilimuelezea, akanyamaza muda murefu.

Tangu siku ile vinegri ilitoka katika hesabu. Si kwamba vinegri ni mubaya. Lakini ukitaka mutu ale kitu asichotaka, ujue kwanza harufu gani inafunga koo lake. Jani la saladi lenyewe nililiweka kando pia. Nilichukua shu, nikaikata nyembamba kama uzi, nikaisugua na chumvi ya ncha ya vidole mupaka ikalegea na kutoa maji yake, nikaongeza karoti ya kukwangua. Muzee hana magego tena upande wa kushoto. Jani kubwa la shu lingemshinda hata kama angelipenda. Watu wanasahau meno. Wanasema muzee ana kichwa kigumu, kumbe ni meno.

Sasa muchuzi. Mayonezi sikuitaka juu ya mafuta yake. Mawese, kitu chetu, ambacho yeye anapenda kuliko vyote, hayakukubali baridi ya Bukavu: mawese yaliyotoka Fizi yakiwa yanatiririka, hapa asubuhi yanaganda, na juu ya shu mbichi yalikuwa vipande vyekundu kama nta. Mawese yanataka moto. Avoka iliyopondwa na ndimu ilitoka nzito na nzuri, na kama ungetaka kitu cha kushika fasi ya mayonezi, shika hicho. Mutoto alilamba bakuli. Baba alikula avoka yote na kuacha shu chini, safi, kama mutu anayekula samaki na kuacha mifupa.

Karanga zilitufikisha mbali kidogo. Nilizikaanga, nikazitwanga mupaka zikatoa mafuta, nikazilegeza na maji ya vuguvugu, ndimu, pilipili nusu. Wenzetu wa Maniema wangeniambia nianze na hiyo, na kwa muzee wa kwao nadhani kazi ingekuwa imeisha. Baba alikula vijiko vitatu. «Ni sosi ya sombe,» alisema, «lakini sombe yenyewe ilienda wapi?» Sikuona hilo kuwa jibu baya. Alikuwa ametambua sosi.

Ni neno hilo la kutambua lililonipeleka kwenye mashanza. Nilijiuliza: huyu muzee anakula uchachu gani bila kulazimishwa? Kasiksi ni chachu. Mashanza ni chachu. Alipokuwa mutoto wa kuchunga ndama alitafuna yale majani madogo machachu ya njiani, kama sisi wote tulivyofanya; aliwahi kumuonyesha mujukuu. Kwa hiyo si uchachu anaoukataa. Anakataa uchachu wa chupa. Uchachu wake ni ule unaokuja pole pole, usiku, ndani ya kibuyu, bila mutu kuumwaga.

Mashanza, kwa wale wasomaji wetu wa Lubumbashi na wa Kisangani ambao hawayajui, ni maziwa ya Bushi yaliyoganda mazito, yanayoliwa na bugali. Mutu wa Bushi hasemi vibaya juu ya mashanza. Na hapa nilijua naingia katika neno gumu, maana Baba alikuwa na falsafa yake juu ya majani na maziwa, alikwisha itoa mezani mara nyingi: «Ngombe njo anakula majani. Mi nakula maziwa yake. Ni vile tulipatana naye tangu zamani.» Kumwagia majani maziwa ni kuvunja mapatano hayo. Mama mukwe mudogo, yaani mudogo wa marehemu, niliyemuuliza shauri, alinitazama kama nimesema nitaosha gari na maziwa. Kiisha akasema jambo lililonisaidia: «Usimwage weye. Muwekee karibu. Mashanza mwenye nyumba njo anayagusa wa kwanza.»

Ndivyo nilivyofanya. Nilichemsha litre moja ya maziwa, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa ya ngombe ndani ya mutu, na sitaki kuponya tansio kwa kuleta homa ingine. Niliacha yapoe mupaka kidole kivumilie, nikaweka kijiko cha mashanza ya jana, nikafunika mupaka kesho. Yalipoganda niliyaweka katika kitambaa safi yachuje maji kwa saa moja hivi. Kiisha vijiko vitano vya mashanza, majani ya kitunguu yaliyokatwa kabisa kabisa, pilipili moja bila mbegu, kitunguu saumu punje moja iliyopondwa, chumvi unayoshika kwa vidole viwili. Ndimu hapana, uchachu ulitosha. Mafuta hapana: maziwa yetu ya mulimani yana mafuta yao, na wataalamu wanasema karoti inahitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A yake, kwa hiyo hapo pia hesabu ilikuwa sawa.

Bakuli la mashanza niliweka kando ya mukono wake wa kuume. Shu na karoti katikati ya meza, mbele ya wote. Bugali, maharagi. Nikasema «Baba, karibuni», nikarudi jikoni.

Alianza na tonge ndani ya mashanza, kama kawaida. Pilipili ilimushangaza, alisema kitu kwa mashi ambacho mutoto alikataa kunitafsiria. Alirudia. Kiisha mutoto, ambaye sikuwa nimemuambia neno, alichota shu na vidole na kuichovya katika bakuli la tate yake. Kuchovya katika bakuli la mwingine ni wizi, na wizi kati ya wale wawili unalipwa palepale. Baba naye akachota shu, akachovya, akala, ili mutoto asimalize mashanza. Akachota tena. Nilihesabu kutoka mulangoni mara sita, kiisha nikaacha kuhesabu.

Ukiangalia, alikuwa anakula shu kama bugali: anaichovya. Saladi iliyopakwa sosi jikoni inafika mezani ikiwa imekwisha amuliwa na mutu mwingine. Saladi inayochovywa iko mikononi mwa mwenye kula. Sidhani kwamba vitabu vya upishi vya Ulaya vinafikiri juu ya jambo hilo, kwa sababu kwao uma ndio unaotawala. Kwetu ni vidole na muchuzi, na mutu mukubwa hapendi kulowekewa chakula.

Namna ya kuosha, mama wenzangu wataniuliza. Maji ya bomba hayatoshi, na mashamba ya karibu na muji yanamwagiliwa maji ya mifereji ambayo nyote munayajua. Sisi tunaosha jani kwa maji mengi kwanza kutoa udongo, kiisha tunaloweka katika maji yenye matone ya javel ile isiyo na harufu ya maua, kiisha tunasuuza na maji yaliyochemshwa na kupoa. Shu tunatupa majani ya nje. Asiye na nafasi ya kufanya hivyo, achovye karoti iliyomenywa, ao apike tu. Saladi si lazima.

Sisemi kwamba shu ilimuponya Baba. Vidonge vyake anavimeza, na makayabu tuliyaacha kwa siku ya Pasaka na Noeli. Munganga aliridhika na namba, na kila mara anauliza kama muzee anakula majani. Muzee anajibu kwamba anakula mashanza.

Jambo moja lilibaki. Katika mwaka wa pili, siku ya Mungu, mama wa Kabare alipita na saladi ya majani, ile ya kijani isiyofunga kichwa. Baba alimuita mwenyewe kutoka barazani, akabishana bei, akalipa kwa feza yake. Akamutuma mutoto kuleta beseni na maji. Sikuingilia. Aliketi kwenye kiti chake, akaosha jani kwa jani, akageuza kila moja na kuangalia nyuma yake, mutoto akihesabu. Vidole vilikuwa vinajua kazi. Alipomaliza alichagua jani moja la ndani, jeupe jeupe, akalitia kinywani hivyohivyo, bila kitu juu, akalitafuna upande wa kuume muda murefu.

«Njo hii tu?» akauliza. «Miaka mbili ilikuwa hii?»

Kiisha akamwambia mutoto alete bakuli.